Mkanda Uliopita Tumboni

Kwa miezi mitano nilikuwa na swali moja tu: kama ningeuacha ule mkanda mahali pake, je, mwanangu angeumia? Nililigeuza kila upande. Labda angeumia vilevile. Labda angeumia bega badala ya utumbo. Labda mdogo wangu Bosko alikanyaga breki kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Zamani nilikuwa mtu wa kulala kama gogo. Miezi ile nilijifunza jogoo yupi wa mtaa wetu huanza kuwika na yupi humfuata. Naandika sasa kwa sababu Imelda amepona, anakimbia, na Januari anaanza darasa la kwanza. Naandika pia kwa sababu najua kuna mzazi amekaa kwenye benchi la hospitali akijiuliza swali linalofanana na langu. Mambo ya kitabibu siyajui. Nitasema niliyoyaona, na nililolifanya.

Nina shahada ya ualimu na ninajitolea kufundisha sekondari hapa Mbinga nikisubiri ajira. Bosko, ninayempita miaka mitatu, aliishia kidato cha pili, akarudi kwenye kahawa ya marehemu baba, na kabla sijamaliza chuo alikuwa ameshaezeka nyumba kwa bati na kununua gari dogo la mtumba. Mbele za watu huniita "msomi". Husema hivyo akitabasamu, na nimewahi kulifikiria tabasamu lile wiki nzima.

Gari lilikuja na kitu ndani ya buti: kiti kidogo kisicho na miguu wala mgongo, chenye kitambaa cha kijivu na mikono miwili mifupi, kimebandikwa karatasi ya maandishi ya Kijapani. Hakuna aliyejua ni cha nini. Mama yetu alikichukua jikoni, kikawa kigoda chake cha kukalia akichambua maharage. Mimi ndiye niliyekitambua, siku nilipomwona ameegemeza kiwiko kwenye ule mkono wa plastiki. Nilisoma habari zake kwenye simu mpaka chaji ikaisha, nikamwomba Mama, nikakisugua kwa sabuni na kukianika juani pembeni ya kahawa. Sitaficha: nilifurahi. Bosko alikuwa na gari, lakini mwenye kujua kitu cha ndani ya gari lake nilikuwa mimi.

Kazi ya kiti kile ni ndogo. Kinamwinua mtoto ili mkanda, uliotengenezwa kwa mwili wa mtu mzima, ushike mifupa yake. Sehemu ya chini inapita chini ya ile mikono, inalala juu ya mapaja na kubana nyonga. Sehemu ya juu inapita katikati ya bega na kifua. Haikati shingo, haipiti kwapani, haiwekwi mgongoni. Niliyajua haya yote. Tafadhali ukumbuke kwamba niliyajua.

Ilikuwa Julai, watu wakichuma kahawa na baridi ikiwa kali. Mke wangu, Adelina, alikuwa kwao Kihagara, ufukweni mwa ziwa, akimuuguza mama yake mguu. Jumamosi moja tukashuka kumwona: Bosko akiendesha, mimi na Imelda, aliyekuwa na miaka sita, nyuma. Wakati wa kwenda nilimfunga kama nilivyosoma, nikavuta, nikakagua, nikavuta tena.

"Kaka," Bosko akasema akinitazama kwenye kioo, "unamfunga mtoto au gunia la kahawa?"

Imelda akacheka mpaka akapaliwa. Njia nzima akawa anajikuna shingo. "Baba, mkanda unawasha. Baba, unanibana wewe." Nilikuwa nimemfunga akiwa na sweta nene lenye kola, na ile kola ndiyo iliyokuwa ikimsumbua. Ningemvua sweta tu, nikamfunika nalo juu ya mkanda. Jambo la nusu dakika. Halikunijia akilini, mimi ninayewaza kila kitu.

Kihagara, Bosko alimbeba Imelda begani akaingia naye majini hadi magotini, akijifanya anazama. Hajui kuogelea, mtu wa milimani yule, lakini alipiga kelele za kuzama mpaka watoto wa pale wakakusanyika. Mimi nilikaa na baba mkwe nikijibu maswali ya ajira. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika usipa, dagaa wa ziwa letu, akamwambia Adelina, "Mumeo anampenda mtoto, jamani!" Alikuwa anamnyooshea kidole Bosko.

Adelina alicheka, akamsahihisha. Mimi sikucheka.

Jioni tulipoaga, Adelina alibaki kibarazani na mama yake. Bosko alikuwa nyuma ya gari akipanga mchele na usipa tuliopewa. Imelda akasimama mlangoni mwa gari, mikono kiunoni. "Nataka Baba Mdogo anifunge. Wewe unaumiza."

Nikakitoa kile kiti nikakiweka chini, miguuni. Nikakunja kitenge mara nne nikamkalisha juu yake, ili aone dirishani. Mkanda wa juu nikaupitisha nyuma ya mgongo wake usimguse shingo. Wa chini ukabaki peke yake, ukalala pale ulipotaka.

"Usimwambie mama," nilimnong'oneza. "Siri yetu, sawa?"

"Sawa." Akanyoosha miguu. "Baba, leo wewe mzuri kuliko Baba Mdogo."

Sentensi ile niliibeba kutoka vumbi la ufukweni mpaka lami ya Mbamba Bay, nikapanda nayo milima. Imelda akalala, akateleza taratibu juu ya kitenge, na mkanda ukapanda. Niliuona. Nikasema moyoni, nikimgusa ataamka, na akiamka atamtaka Bosko.

Kwenye kona moja, ukungu ukiwa umeshuka, pikipiki iliyobeba mbao ilitokea katikati ya barabara. Bosko akafunga breki. Hatukugusa kitu. Pikipiki ilipita, mwenyewe akapunga mkono kuomba radhi.

"Wazima wote?" Bosko akauliza.

"Wazima," nikajibu, kabla sijatazama. Imelda alikuwa amejikunja juu ya mkanda kama kisu cha kukunja, uso magotini. Mkanda ulikuwa kitovuni.

Tulipofika nyumbani tumbo lake lilikuwa na mstari wa zambarau, upana sawasawa na wa mkanda. Alikataa chai. Asubuhi alitapika mara tatu na tumbo likawa gumu kama ubao. Bosko aliwasha gari bila kunawa uso.

Katika chumba cha kusubiria cha hospitali ya misheni kuna benchi refu la mbao, na nilikuja kukijua kila kifundo chake. Daktari alikuwa kijana kama mimi. Hilo nalo liliniuma: wa rika langu, na mikono yake haitetemeki. Aliufuata ule mstari kwa kidole bila kuugusa.

"Alifungwaje?"

"Alifungwa mkanda," nikasema.

"Na nani?"

"Gari ni la mdogo wangu."

Sikusema uongo. Nilisema jambo la kweli likafanya kazi ya uongo. Daktari akaandika. Mama, aliyekuwa amesimama nyuma yangu na rozari yake, akageuka taratibu kumtazama Bosko mlangoni. "Wewe na mwendo wako," akasema. Ningeweza kusema pale pale, na hadithi hii ingekuwa fupi.

Wakati wanamwandaa kwa upasuaji, Imelda alinivuta shati. Midomo ilikuwa imemkauka. "Baba," akanong'ona, "sijasema."

Walikata kipande cha utumbo kilichopasuka. Alirudi wodini na mpira puani, dripu mkononi, na mshono kutoka juu ya kitovu hadi chini. Kutokana na uchafu uliokuwa umevuja, ncha ya utumbo ililetwa nje, upande wa tumbo, na mfuko ukabandikwa juu yake kupokea kinyesi mpaka ndani kupone. Adelina alikuwa amefika kutoka Kihagara. Alifunua shuka, akatazama, akafunika. Akaniuliza, "Baba Imelda, ilikuwaje?" Nikamwambia habari za ukungu na pikipiki.

Kwenye kitanda cha jirani palikuwa na mvulana aliyevunjika paja, mguu umening'inizwa kwa kamba. Niliwaonea wivu wazazi wake. Mfupa ni kitu safi. Watu huja na kalamu wakaandika majina kwenye plasta. Hakuna anayeandika jina kwenye mfuko.

Kila asubuhi muuguzi alipita na swali moja. "Mama Imelda, amejamba?"

"Bado, sista."

"Akijamba tu, mniite. Hata nikiwa nakula."

Hakuna chakula wala maji mpaka tumbo liamke. Wodi nzima ikawa inasubiri ushuzi wa mwanangu. Mama wa yule mvulana aliuombea kabisa, kwa Bikira Maria. Nilimkanda Imelda mgongo, nilimsomea, nilimwimbia polepole, nikiamini utatokea kwangu. Siku ya nne Bosko akaingia na kofia yake mkononi, akakaa pembeni ya kitanda, akaanza kumsimulia jinsi jogoo wa bibi alivyoingia kwenye mashine ya kumenyea kahawa akatoka na aibu tu.

"Usinichekeshe, Baba Mdogo, nyuzi!" Imelda akashika tumbo. Na ule mfuko ukajaa hewa, kwa sauti ambayo hakuna aliyeweza kudai hakuisikia.

"Sista!" akapaza sauti mama wa jirani. "Njoo, sista, neema imeshuka!"

Watu walipiga makofi. Adelina alimkumbatia Bosko. Mimi nilipiga makofi pia, nikiwaza kwamba hata hili amepewa yeye.

Tulirudi nyumbani msimu wa kahawa ukiwa mwishoni. Ile ncha ya utumbo ilikuwa nyekundu, yenye kung'aa, na Imelda akaiita Nyanya. "Nyanya amelala." "Nyanya ananguruma, ana njaa." Alikuwa amekonda, nguo za shule ya awali zinampwaya, magoti yamekuwa makubwa kuliko mapaja. Kubadilisha mfuko kulihitaji mikono mitulivu: kuosha kwa maji ya uvuguvugu, kukausha, kupaka, kubandika pasipo mkunjo. Nikikosea, ngozi inaungua. Mikono yangu ilitetemeka. Adelina alijifunza kwa siku mbili. Bosko alijifunza kwa kutazama mara moja, kwa vidole vile vyenye utomvu wa kahawa, na siku ambazo mama yake hayupo Imelda alimtaka yeye. Nilisimama mlangoni na beseni.

Lakini Bosko alikuja kwa miguu. Gari alilifunika kwa turubai tangu siku tuliyotoka hospitali, na kuku wa Mama, anayeishi jirani naye, wakataga chini yake. Hakutania tena. Mama alimpakulia chakula bila kumwita jina. Adelina alimshukuru kwa kila alichofanya, ila mara moja alisema mbele yake, "Mwanangu hapandi tena gari la mtu anayekimbia." Bosko akajibu, "Ni haki yako, shemeji," akaendelea kukunja vitambaa vya kufutia.

Na mimi? Nitasema kwa sababu nimeahidi kusema. Sehemu yangu moja ilistarehe. Kwa mara ya kwanza maishani Bosko alikuwa chini na mimi juu, na sikuwa nimefanya chochote ila kunyamaza. Halafu nilikuwa najichukia, halafu nalirudia swali langu, labda angeumia tu, na mchana unapita. Kliniki ya Agosti, ya Septemba. Oktoba kahawa ikachanua baada ya mvua ya kwanza, milima yote ikanukia, na daktari akasema utumbo uko tayari kurudishwa ndani.

Siku ile ya vipimo vya mwisho nilimfuata daktari kwenye korido. Nikamuuliza kana kwamba namuulizia mtu mwingine: mtoto wa miaka sita, mkanda wa juu umewekwa mgongoni, amekalia kitenge. Breki. Halafu mtoto huyo huyo kwenye kiti cha kumwinua, amefungwa sawasawa.

"Yule wa pili pengine angekuwa na alama begani na nyongani," akasema daktari. "Siwezi kukuapia. Lakini mkanda ukishika mfupa, mfupa unastahimili. Ukishika tumbo, hakuna cha kustahimili pale."

Basi swali langu likawa limejibiwa, na bado sikusema. Nimelifikiria hilo pia. Nadhani nililishikilia swali kwa sababu lilinipa kazi ya kufanya badala ya ile nyingine.

Upasuaji wa pili ulikwenda vizuri. Tulisubiri ushuzi upya. Safari hii ulikuja wenyewe, asubuhi, hakuna mtu aliyechekesha mtu. Nyanya akarudi ndani, Imelda akamuaga kwa mkono. Ukabaki mshono na kovu la mviringo.

Mwanzoni mwa Desemba, Jumapili baada ya misa, tulikuwa kwa Mama. Adelina alikuwa anapanga Krismasi ya Kihagara, kwa basi. Bosko alikuwa amesema kwamba kuna mtu wa Songea atakuja kulichukua gari. Mimi nilitoka uani. Imelda alikuwa amekaa chini peke yake, na mbele yake kile kiti. Mama alikuwa amekirudisha kuwa kigoda. Imelda alikuwa amemkalisha juu yake mtoto wa gunzi la hindi, amemfunga utepe wa kanga tumboni. Akamwinamia. "Baba akisema siri, ni siri," alimwambia gunzi. "Hata ukiumwa. Hata daktari akikuuliza."

Nilirudi ndani. Sikujipanga, na mimi hujipanga hata kwa kuomba chumvi. Nikasimama kati ya meza na mlango nikasema, "Kiti nilikitoa mimi. Mkanda wa juu nikauweka mgongoni mwake, nikamkalisha kwenye kitenge. Nilimwambia asiseme. Bosko hakuwa na kosa. Alisimamisha gari, hakugonga kitu."

Mama aliweka bakuli chini. Adelina akasema, bila kupaza sauti, "Nilikuuliza. Mara ngapi nilikuuliza?" Akatoka kumtafuta mtoto.

"Kwa nini?" akauliza Bosko. "Kwa nini ulikitoa?"

"Alitaka wewe umfunge."

Alinitazama kama mtu anayesoma barua asiyoielewa. Kisha akasimama. "Nimeungama dhambi yako mara tatu, kaka," akasema. "Mara tatu. Padri akanipa malipizi, nikayasali. Nyumbani kwangu nalala naisikia ile breki." Akachukua kofia. Mama akamwita jina, mara mbili, kwa sauti ambayo hakuitumia kwake tangu Julai, lakini alikuwa ameshapita getini.

Imelda nilimkuta mapajani mwa mama yake. Nikapiga magoti. "Siri yetu imekwisha. Nilikosea kukupa."

"Kwa hiyo naweza kumwambia mama?"

"Nimeshamwambia."

"Na bibi?"

"Na bibi, na Baba Mdogo."

Akafikiri. "Basi naomba maji," akasema.

Adelina aliongea nami mambo ya nyumbani tu kwa wiki mbili. Bosko hakuongea nami kabisa. Kila jioni nilipita kwake, nikabisha, nikakaa dakika chache kibarazani, nikaondoka. Siku moja nilikuta turubai limetolewa na mayai yamewekwa ndani ya kofia. Mtu wa Songea alikuwa ameambiwa asije.

Katika siku hizo niliamua. Nisingekuwa tena mlinzi pekee wa kiti kile, kana kwamba ni cheti changu. Kila atakayemwendesha Imelda atajua kumfunga, na wa kwanza atakuwa yule ambaye sikutaka ajue, kwa sababu mtoto anampenda.

Siku tatu kabla ya Krismasi, tukiwa kwa Mama, gari likasimama mlangoni, limeoshwa. Bosko akashuka, akamwamkia Mama, akamsalimia Adelina. Adelina akamwambia, "Shemeji, nilikukosea," naye akatikisa kichwa kumkatiza. Mimi hakunisalimu. "Kigoda kiko wapi?"

Nilikileta. Nikakiweka kiti cha nyuma, nikasogea pembeni. "Mfunge wewe," nikamwambia. "Nitakuelekeza."

Imelda alipanda, nikamvua sweta. Bosko akauvuta mkanda. "Hivi?"

"Upitishe chini ya huo mkono. Pande zote mbili. Shusha, uguse mapaja."

"Hivi?"

"Mgongo wake uegemee nyuma. Sasa huu wa juu, bega katikati. Vuta ulegevu wote. Na akilala njiani akateleza, unasimamisha gari, unamweka upya. Hata akiamka akalia."

Bosko akaingiza kidole chini ya mkanda, kwenye nyonga, akaupima. Imelda akamshika sikio na kucheka, akamwuliza kama leo atazama tena ziwani. Wivu ukanijia, ule ule, mahali pale pale. Niliuacha unichome. Nikamfunika mtoto sweta juu ya mkanda, nikafunga mlango taratibu. Adelina akakaa nyuma na mwanawe, nami nikazunguka nikakaa mbele.

Bosko aliwasha gari. Hakunitazama. Akangoja, mikono juu ya usukani.

"Na wewe funga," akasema.

Nikafunga.